Daftari liko wapi, na funguo anashika nani?



Kuna jamaa wa bweni la jirani kaniuliza swali: "Wewe mtu wa ualimu, somo lako Historia, kanzidata za mawinguni na API vinakuhusu nini? Si uwaachie wa IT?" Jibu langu fupi ni kwamba vinanihusu kwa sababu hiyo ni habari ya zamani sana hapa pwani, ila imevaa nguo mpya. Jibu refu ndio hili. Kaeni mkao wa kula.

Tuanzie kwetu. Ukitoka Dar kwa barabara ya Bagamoyo unapita Bunju, Mapinga, Kerege, halafu Zinga, kabla hujaingia mjini Bagamoyo. Karne ya 19 pembe za ndovu zilikuwa zinateremka kutoka bara vichwani na mabegani mwa wapagazi, zinafika Bagamoyo, zinapakiwa kwenye majahazi kwenda Unguja. Ushuru wa mali hiyo ulikuwa wa Sultani. Lakini Sultani hakuukusanya mwenyewe! Aliikodisha forodha. Kwa miongo mingi mkodishwaji alikuwa kampuni ya Jairam Shivji, wafanyabiashara wa Kihindi, na katika miaka ya 1860 msimamizi wao Unguja alikuwa Ladha Damji, ambaye wazungu wengi waliokuja kutafuta vyanzo vya mito walipita ofisini kwake.

Mpango ulikuwa hivi: kampuni inamlipa Sultani kiasi kilichokubaliwa kwa mwaka, halafu yenyewe inakusanya ushuru bandari zote za pwani. Kikizidi, chao. Maana yake daftari la nani kaleta nini, kiasi gani, kalipa ngapi, lilikuwa la kampuni. Sultani akitaka fedha, anakopa kwa hao hao wanaomkusanyia. Barghash alipokaa kwenye kiti mwaka 1870 alirithi pamoja na kiti hicho deni kubwa kwa kampuni hiyo. Hebu litafakari hilo. Bendera ya Sultani, bandari ya Sultani, halafu mwenye nchi ni mdaiwa wa mwenye daftari.

Shikeni hapo, kwa sababu ndio hoja yangu yote: mali inaweza kuwa mbele ya macho yako ufukweni, lakini nguvu iko kwa yule anayekaa na daftari na kuamua nani aliulize swali gani.

Baadaye ukaja waya. Mwaka 1879 kampuni ya Eastern and South African Telegraph ilitandaza waya wa simu ya maandishi chini ya bahari kutoka Aden kupita Zanzibar kwenda kusini. Mwaka 1890 ukafuata mwingine, kutoka Zanzibar kuja Bagamoyo na Dar es Salaam, kwa ajili ya Wajerumani ambao wakati huo walikuwa wameifanya Bagamoyo makao yao. Sasa mfanyabiashara hakuhitaji kungoja jahazi ili aulize bei au salio. Ila kila neno lililipiwa, kwa hiyo watu wa biashara wakawa na vitabu vya misimbo: neno moja linasimama badala ya sentensi nzima, na pande zote mbili lazima ziwe na kitabu kile kile. Ukituma neno lisilomo kitabuni, huyo wa upande wa pili anakodoa macho tu. Wa IT mshaanza kutabasamu nadhani...

Sasa tuingie kwenye mambo yenyewe. Wale tuliowahi kufuatilia barua ofisi ya serikali tunajua kuna chumba kinaitwa masjala. Humo ndimo mafaili yanakaa. Mwananchi huingii masjala. Unasimama dirishani, unajaza fomu, karani anaingia ndani, anachungulia faili, anarudi na jibu. Hujui faili liko rafu ya ngapi na wala hupaswi kujua.

Kanzidata ndiyo masjala. API ndilo dirisha. Basi, nusu ya somo imeisha!

Namna ya kupanga hiyo masjala ina mwaka wake wa kuzaliwa: 1970. Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi IBM kule California, alitoa makala akisema kumbukumbu zipangwe kwenye majedwali, na majedwali yaunganishwe kwa thamani zilizomo ndani yake. Kabla ya hapo, aliyetaka kupata taarifa ilibidi ajue njia ya kuifikia, rafu kwa rafu. Codd akasema hapana, mtu aseme anachotaka, mashine itafute njia. Mfano: jedwali moja la wanachama, kila mmoja na namba yake. Jedwali la pili la michango, kila mchango umebeba namba ya aliyetoa. Ukitaka jumla ya Bi fulani, huandiki jina lake mara mia, unaunganisha kwa namba. Mwaka 1974 Donald Chamberlin na Raymond Boyce, nao wa IBM, wakatoa lugha ya kuuliza maswali hayo, ambayo leo ni SQL. Zile za bure tunazochezea sisi, MySQL ilitoka 1995, na PostgreSQL ikapata jina hilo 1996 ikitokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Berkeley.

Miaka ile masjala ilikuwa chumba kweli: seva imekaa kwenye jengo lako, ina feni, ina jenereta, mlinzi kalala mlangoni. Mwaka 2006 Amazon ikaanza kukodisha seva zake kwa yeyote mwenye kadi ya benki, na Oktoba 2009 ikaanza kukodisha kanzidata yenyewe ikiwa imeshawekwa tayari, ikianza na MySQL. Hapo ndipo neno "wingu" likashika. Sasa tazameni kalenda: Julai 2009, miezi mitatu tu kabla, waya wa SEACOM ulikuwa umefika Dar es Salaam, na 2010 ukafuata EASSy. Kabla ya hapo mtandao wetu ulikuwa wa setilaiti. Setilaiti za aina ile ziko karibu kilomita 36,000 juu, kwa hiyo swali kupanda na kushuka, na jibu kupanda na kushuka, ni kama nusu sekunde hata kabla seva haijafikiri. Kwenye nyuzi za kioo mwanga unakwenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Seva ikiwa umbali wa kilomita 10,000 za waya, kwenda na kurudi ni sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kwa macho ya mama muuza samaki, ni papo hapo. Bila waya ule wa baharini, kuweka daftari la Bagamoyo kwenye seva ya Ulaya kungekuwa adhabu.

Mfano wa Afrika Mashariki ambao kila mtu anaujua ni M-Pesa. Wengi tunadhani ilianza kama kutumiana pesa. Haikuanza hivyo. Majaribio ya 2005 kule Kenya, yaliyoongozwa na Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone, yalikuwa ya kulipa mikopo midogo ya taasisi ya Faulu Kenya. Simu ilifanya kazi vizuri tu. Kizungumkuti kikawa kwenye vitabu: M-Pesa ina daftari lake, Faulu ina lake, na kuyalinganisha ilikuwa kazi nzito ya mikono. Huku watu wenyewe wakaanza kuitumia kurushiana hela. Ilipozinduliwa rasmi Machi 2007 mkopo ukawa umewekwa pembeni, ikawa ni kutuma pesa nyumbani. Aprili 2008 ikaingia Tanzania kupitia Vodacom.

Kumbe daftari lenyewe la M-Pesa ya Kenya lilikuwa wapi? Ujerumani! Mpaka Aprili 2015 seva zilikuwa huko, ndipo zikahamishiwa Kenya. Mama wa Kisumu anamtumia mwanawe wa Mombasa, salio linapunguzwa na kuongezwa Ulaya. Kwa mtu wa Bagamoyo, mji uliowahi kuwa makao ya Wajerumani, habari hiyo inachekesha kidogo na inafikirisha zaidi.

Na dirisha je? Kwa miaka mingi mwenye duka la mtandaoni aliyetaka kujua kama mteja kalipa alikuwa na njia za kuungaunga. Mojawapo: unaweka simu mezani, programu inasoma meseji za uthibitisho zinapoingia, inachomoa jina, kiasi na namba ya muamala, inaingiza kwenye kanzidata yake. Yaani unasimama nje ya ofisi ukisikiliza karani anavyoongea ndani! Kampuni ikibadili maneno mawili kwenye meseji, mfumo wako unakufa. Mwaka 2017 Safaricom wakafungua dirisha ambalo msanidi wa kawaida angeweza kujisajili na kulitumia, wakaliita kwa Kiswahili safi: Daraja. Sasa programu yako inauliza kwa fomu inayojulikana, na malipo yakikamilika, Daraja linagonga mlango wa seva yako kukuambia.

Sisi wanafunzi wa Tanzania tunalo letu. Ile namba ya malipo tunayoiita kontroo namba, tarakimu 12, inatoka kwenye mfumo wa serikali wa GePG ulioanza 2017. Mfumo wa chuo unapeleka bili, GePG inarudisha namba, unalipa benki au kwa simu, benki inaiuliza GePG hiyo namba ni ya nani na inadai ngapi, ukishalipa taarifa inarudi chuoni. Hakuna hata mmoja hapo anayeingia kwenye masjala ya mwenzake. Wote wanaongea madirishani. Kabla ya hapo ilikuwa ni foleni ya risiti za benki, na wakubwa zetu waliomaliza zamani watawasimulia.

Haya, kuunganisha kwenyewe kukoje? Kanzidata ya wingu ukishaikodi unapewa vitu vitano: anwani ya seva, namba ya mlango (PostgreSQL kwa kawaida 5432, MySQL 3306), jina la kanzidata, jina la mtumiaji na nywila. Mwenye vitano hivyo, kama hakuna ukuta mwingine, ameingia masjala. Ndiyo maana kuna desturi ambazo si mapambo.

Kwanza, vitu vile havikai kwenye programu ya simu ya mteja. Programu ya simu inaweza kufunguliwa na kusomwa na mtu mwenye subira. Simu inaongea na API tu, na API peke yake ndiyo inayoijua nywila. Hata huko, nywila haiandikwi ndani ya msimbo unaogawiwa kwa wenzio, inakaa kwenye mipangilio ya seva. Pili, masjala ifungue mlango kwa anwani zinazojulikana tu, na mazungumzo yote yawe yamefichwa njiani. Tatu, mtumiaji wa API apewe haki anazohitaji tu. Kama kazi yake ni kusoma na kuongeza mchango, kwa nini awe na uwezo wa kufuta jedwali zima? Nne, maneno ya mteja yasibandikwe ndani ya swali la SQL. Liwe kama fomu yenye nafasi za kujaza, la sivyo mjanja ataandika amri mahali pa jina, na karani ataitii. Tano, kufungua muunganisho mpya kila swali ni ghali, hasa seva ikiwa mbali, kwa hiyo API huweka miunganisho michache wazi na kuizungusha, kama bodaboda kijiweni: akishusha anarudi foleni, hanunuliwi pikipiki mpya kwa kila abiria.

Na la sita ambalo nalipenda kuliko yote: muamala. Kutoa kwa huyu na kumwongezea yule ni kitendo kimoja, ama vyote vinafanyika ama hakuna kilichofanyika. Na kwa kuwa mtandao hukatika katikati ya sentensi, taarifa ya malipo inaweza kuja mara mbili. Dawa yake ni kuiambia kanzidata kwamba namba ya risiti haijirudii. Ikija ya pili, inakataliwa kwa adabu, na mama hasomeki kachanga mara mbili.

Sasa kwa nini nimeandika yote haya? Kwa sababu kikundi kimoja cha kina mama huku Zinga, cha VICOBA, kimetuomba mimi na wenzangu wawili tuwahamishie daftari lao liingie kwenye simu. Mnajua VICOBA zinavyoendeshwa. Chimbuko la mtindo huo ni vikundi vya wanawake wa Niger vilivyoanzishwa na shirika la CARE mwaka 1991. Kuna sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo tatu zinakaa kwa watu watatu tofauti, na sanduku linalala kwa mtu wa nne. Halifunguliwi ila kikao kimekaa na watu wanaona. Hakuna anayemshuku mwenziwe, na hakuna anayehitaji kumwamini mwenziwe kupita kiasi.

Tulipowaeleza habari za wingu, mweka hazina, mama mtu mzima, alisikiliza mpaka mwisho halafu akauliza: "Sawa wanangu. Na hizo funguo tatu zitakuwa kwa nani?"

Jamani! Wenzangu walikuwa tayari wameshajibu maswali ya umeme, bando na simu ya kitochi. Hilo hakuna aliyelijibu siku ile. Tukakaa wiki nzima tunalifikiria, na hapa ndipo Historia inapofanya kazi ya IT. Fikirieni: sisi watatu tunamaliza chuo, mmoja anapangiwa shule Katavi, mwingine Rukwa, mwingine anaacha ualimu anauza vifaa Kariakoo. Kama akaunti ya wingu imefunguliwa kwa barua pepe ya mmoja wetu, na inalipiwa kwa kadi yake, na nywila anaijua yeye, basi kina mama wana fedha zao na sisi tuna daftari lao. Akaunti isiyolipiwa hufungwa. Bila nia yoyote mbaya tumekuwa Jairam Shivji wa Zinga.

Kwa hiyo tumewapelekea mpango huu, na wao ndio watakaoamua. Ufunguo wa kwanza, akaunti yenyewe, iwe kwa jina la kikundi na namba ya simu ya kikundi, na mwenyekiti ndiye anayeishika. Wa pili, nywila ya kanzidata, ikae kwenye API, na nakala yake iwe kwenye bahasha iliyofungwa, ndani ya lile lile sanduku la kufuli tatu. Wa tatu, nakala ya daftari lote ipakuliwe kila mwezi na ichapishwe, ikae kwa katibu. Dirisha liwe na maswali machache: mwanachama aone lake, katibu aandike mchango, mweka hazina aone jumla. Kosa halifutwi, linaandikiwa marekebisho na jina la aliyerekebisha linabaki. Na daftari la karatasi lisitupwe mpaka mgao wa mwisho wa mwaka ulingane pande zote mbili, shilingi kwa shilingi.

Kuna atakayesema karatasi ya nini zama hizi. Nitamkumbusha Mei 12, 2024, nyaya za SEACOM na EASSy zilipopata hitilafu upande wa kusini mwa bahari yetu, na mtandao ukayumba Afrika Mashariki, Tanzania ikiwemo kwa kiasi kikubwa. Wingu lilikuwa zima kabisa siku ile. Njia ya kulifikia ndiyo iliyokatika. Siku kama hiyo ikiangukia siku ya kikao, kikao kiendelee. Kuna na sheria: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, ina masharti juu ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Madeni ya mama wa watu ni taarifa binafsi, tena sana. Kwa hiyo hata swali la seva iwe nchi gani si la bei tu. Amazon ina vituo Cape Town tangu 2020, karibu kuliko Ulaya kwa umbali, lakini bado ni nje ya mipaka.

Sultani alikuwa na majeshi na majahazi na bado aliishia kuuliza salio lake kwa watu wengine. Mweka hazina wetu hana jahazi hata moja, lakini aliuliza swali sahihi kabla ya kutia saini. Mkijifunza kuunganisha kanzidata na API, jifunzeni na hilo.

Haya, uwanja ni wenu. Wa IT, wa Historia, na nyie wa Uchumi mnaojifanya hamjaona. Maoni ruksa.

Nawasilisha.